Matanga ya Mkono wa Mihambo

Mikidadi alikuwa ameyasema mambo yale mara nyingi mpaka yakaanza kumchosha mwenyewe. Vuta hendeli kwenda juu, usiisukume kwenda chini. Kidole gumba kilale upande mmoja na wenzake, kisikumbatie chuma. Kabla ya yote, rudisha nyuma kile kimkono cha shaba kilichoko ubavuni mwa mashine. Na tumia mkono wa kushoto. Mambo manne tu, ambayo hata mtoto wa kuchunga mbuzi angeyashika kabla uji haujapoa. Lakini katika shamba zima la mkonge la Mzungu waliyemwita Bwana Saa, kuanzia vibanda vya manamba mpaka kingo za mto Ngerengere, hakupatikana mtu mmoja wa kuyataka.

Mashine yenyewe ilikaa kwenye banda la mabati kando ya mto, ikivuta maji ya kuoshea mkonge. Kuiwasha kulitaka mtu mwenye mwili. Unachomeka hendeli, unazungusha kwa nguvu zako zote, na siku nyingi inashika moto, inaanza kunguruma, watu wanaenda kazini. Lakini zipo siku ambazo cheche huwahi. Mlipuko unakuja kabla ya wakati wake, na kile chuma kinarudi kilikotoka kwa nguvu ya teke la punda. Ndivyo watu walivyosema pale: mashine imepiga teke. Ilikuwa imevunja mikono mitatu, yote ya kulia, na mkono wa kwanza ulikuwa wa Mikidadi.

Ule mkono uliunga vibaya. Kifundo kilipinda kwa ndani na vidole vitatu havikukunjika tena. Hakuweza kushika jembe wala kumega ugali, akapewa kazi ya kutia mafuta kwenye mashine ile ile iliyomvunja. Tangu hapo alikula kwa kushoto na kusalimu kwa kushoto, na kila alipounyosha mkono ule mbele ya watu aliwaona wanavyosita, wanavyotazama pembeni, wanavyomgusa kwa ncha za vidole. Mama mkwe wake, mwanamke mwema asiye na kinyongo na mtu, alianza kumtengea sahani ya peke yake. "Si kwa ubaya, baba," alimwambia. Mikidadi alijua si kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Yale mambo manne aliyajua kwa kutazama. Wakati ule bado alikuwako Bwana Fundi, kijana wa Kijerumani aliyekonda, ambaye siku moja moja aliiwasha mashine mwenyewe. Alirudisha nyuma kimkono cha shaba, ambacho ndicho kinachochelewesha cheche, akashika hendeli kwa kushoto, kidole gumba kimelala na wenzake, akavuta mara moja kwenda juu. Haikumpiga teke ila mara moja, na ilipomrudia, vidole vyake vilifunguka vyenyewe, hendeli ikazunguka peke yake, naye akapiga mluzi na kuanza upya. Baadaye homa ilimshika, akabebwa kupelekwa Dar es Salaam, asirudi. Alikiacha kimkono kile mbele, kama kinavyokaa mashine ikiwa inakimbia, na Bwana Saa, ambaye aliijua mashine kama Mikidadi alivyoijua Ulaya, akatoa amri kisiguswe na mtu. Basi kila asubuhi watu wa Mungu waliwasha mashine huku cheche imewekwa kuwahi. Mikidadi aliyaona haya yote kwa macho yake, kila siku, akiwa na kopo la mafuta mkononi na hasira kifuani.

Mwaka ule reli ilipofika Tabora, mashine ilimvunja Mosi, mwashaji wake, na huo ndio ukawa mkono wa tatu. Jumamosi yake nyapara akasimama mbele ya watu akamtaja atakayeishika hendeli kuanzia Jumatatu, naye alikuwa Mihambo.

Mihambo alikuwa Mnyamwezi, mwenye mabega mapana na kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Mkataba wake ulibakiwa na siku kumi na nne. Baada ya hapo angepanda gari la moshi kwenda kwao kuoa, na habari za mchumba huyo shamba zima lilikuwa limekwisha kuzisikia mpaka likachoka. Kwa Mikidadi alikuwa mtani, maana Waluguru na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara, na wawili hawa waliufanya utani kwa bidii kupita wote. Lakini si utani peke yake. Mikidadi alipovunjika, shamba lake la mlimani lingekuwa pori. Mihambo ndiye aliyepanda kule kila Jumapili, bila kuombwa, akalilima misimu miwili huku akimtukana mwenye shamba kutwa nzima. Chakula alichokula Mikidadi na mkewe kilitoka kwenye mkono ule wa kulia wa Mihambo. Sasa mkono ule ulikuwa umetajwa.

Jumapili asubuhi Mikidadi alimkuta kule shamba la mlimani, amejifunga kamba kiunoni, ncha nyingine ameifunga kwenye mti.

"Nimejifunga, mtani," alipiga kelele Mihambo. "Nyinyi mnalima ukutani. Nisije nikaanguka kutoka shambani kwako nikatua Mikese nikiwa maiti."

"Mihambo, weka jembe. Nina neno."

"Neno gani? Mke amekufukuza?"

"Ni juu ya mashine. Leo sina utani."

Mihambo aliweka jembe chini, akamtazama, kisha akacheka mpaka kamba ikakaza. "Mluguru hana utani! Siku niliyozaliwa mama hakucheka hivi."

Mikidadi alimweleza polepole, kimoja kimoja: kimkono cha shaba, kuvuta kwenda juu, kidole gumba. Mihambo alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayesubiri mwisho wa hadithi ili apasuke. Ilipofika zamu ya mkono wa kushoto, alipasuka kweli.

"Kushoto! Nianze kazi ya watu kwa mkono wa chooni! Niende Unyamwezi nikawaambie Mluguru alitaka kunifundisha kazi kwa mkono wa kushoto!"

"Naapa kwa Mungu, Mihambo."

"Mwezi uliopita uliapa hivyo hivyo kwamba Bwana Saa anamposa dada yangu. Nikaenda nikanyoa."

Ilikuwa kweli. Mikidadi alikuwa ameapa, na Mihambo alikuwa amenyoa, na shamba zima lilikuwa limecheka siku tatu. Alisimama pale kwenye mteremko akajiona mjinga. Viapo vyake vyote alikuwa amevitumia kwenye mzaha, na leo alipohitaji kimoja tu cha kweli, mfuko ulikuwa mtupu. Alitamani kumpiga kofi. Badala yake aligeuka akateremka, huku Mihambo akimwita kwa nyuma amtupie kamba asije akaanguka.

Alasiri alikwenda kwa nyapara. Yunusi alikuwa mtu wa Bagamoyo, mzee wa makamo, kanzu nyeupe hata siku za vumbi, na alikuwa amekaa kwenye baraza yake akichokoa meno.

"Shikamoo, bwana nyapara."

"Marahaba."

Mikidadi alinyosha mkono wa kushoto, akaomba radhi kama kawaida yake. Yunusi aliutazama mkono ule, akaendelea kuchokoa meno. Ukabaki hewani kidogo, kisha Mikidadi akaurudisha kwake.

Alisema aliyokuja kusema. Aliomba kimkono kirudishwe nyuma wakati wa kuwasha, dakika moja tu, kisha kipelekwe mbele mashine ikishakimbia. Aliomba mwashaji atumie kushoto.

"Kimkono Bwana amesema kisiguswe," alijibu Yunusi. "Atakayekigusa ni hamsa ishirini, na mimi ndiye nitakayehesabu viboko. Hilo moja. La pili, kazi huanza kwa bismillahi na mkono wa kulia. Wewe wa kulia umekutoka, tunakuhurumia. Lakini sasa unataka sote tuwe wa kushoto ili usionekane peke yako."

"Bwana Fundi alitumia kushoto, na hakuvunjika hata siku moja."

"Wazungu wanakula nyama kwa kushoto, wameshika uma. Utawafuata na huko?"

"Mzee Yunusi, mikono mitatu imekwisha kuvunjika, na yote ni ya kulia!"

"Kwa sababu yote ilishika kwa kulia," alisema Yunusi kwa utulivu, kama mtu aliyemaliza kesi. "Ingeshika kwa kushoto ingevunjika ya kushoto. Nenda kapumzike."

Nyumbani Mikidadi alilipiga teke tenga la kunde, kunde zikatapakaa uani. Chausiku, mkewe, alikuwa akipepeta. Aliendelea kupepeta mpaka mumewe alipoinama kuziokota kwa mkono mmoja, moja moja, huku akinung'unika.

"Amekataa?"

"Mmoja amekataa, mwingine amecheka. Sijui kipi kibaya zaidi. Naongea Kiswahili, Chausiku! Siongei lugha ya ndege. Namwambia mtu utavunjika, ananiambia nimchekeshe tena."

"Umewahi kumwambia neno moja la kweli tangu mjuane?"

Mikidadi alifikiri. "Leo."

"Basi leo ndiyo mara yake ya kwanza kulisikia, na wewe unataka alitambue." Chausiku aliweka ungo chini. "Alipokufa baba yangu, ni nani aliyeingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe kuku?"

"Mihambo."

"Wajomba zangu walikuwako, wazee wa ukoo walikuwako. Ni nani aliyethubutu kumkatalia?"

"Hakuna. Mtani hakataliwi msibani."

"Ehe," alisema Chausiku, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha kaniki nyeusi, ile aliyovaa kwenye matanga ya baba yake. Akamtupia mumewe begani.

Jumatatu kengele ilipogongwa watu walijipanga mbele ya banda. Mihambo alisimama karibu na mashine akijinyoosha viungo, akijisifu. Ghafla kilio kikapanda. Mikidadi alikuja mbio kutoka kwenye vibanda, kaniki shingoni, mkono kichwani, akilia kwa sauti ya kumtoa nyoka pangoni.

"Yamenikuta! Mkono wa mtani wangu umekufa! Jana ulikuwa unalima, leo umekufa!"

Watu waliduwaa, kisha wakaelewa, na shangwe ikalipuka. Waluguru wakaitikia kilio. Mikidadi aliukamata mkono wa kulia wa Mihambo, akaupapasa, akaufumba macho usiyokuwa nayo, akaufunga kwa kaniki nyuma ya mgongo wa mwenyewe, fundo juu ya fundo kwa mkono mmoja na meno.

"Huyu maiti ni wangu," alitangaza. "Nimemzika. Atakayemtaka amkomboe kwangu kwa kuku, na kuku mwenyewe awe jogoo. Mpaka hapo mfiwa atafanya kazi kwa mkono uliobaki."

Mihambo alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka. "Mluguru, umeniweza. Umeniweza kabisa."

"Na kidole gumba hicho kiko matangani. Hakiruhusiwi kwenda upande wa pili kutembea peke yake. Kikae na ndugu zake. Hendeli utaivuta kwenda juu, kwa sababu chini tumemlaza marehemu."

"Nimekubali, nimekubali! Nani anakataa msibani?"

Hapo Bwana Saa akatokea, saa ya mfukoni imefunguliwa kiganjani, uso mwekundu. Hakuwa na habari na kilio wala kaniki. "Dakika nne!" alifoka. "Dakika nne zimepita! Washa!"

Kimkono cha shaba kilikuwa bado mbele. Mikidadi alikitazama, akamtazama Yunusi aliyesimama kando yake, akajizuia.

Mihambo akainama, akashika kwa kushoto, kidole gumba kimelala na wenzake, maana msiba ni msiba. Akavuta mara ya kwanza, kimya. Akavuta mara ya pili, mashine ikakohoa. Mara ya tatu ikapiga teke. Mlio ulikuwa kama wa bunduki, hendeli ikarudi nyuma, vidole vya Mihambo vikafunguka vyenyewe na chuma kikazunguka peke yake hewani. Mihambo akaanguka kwa matako. Aliuinua mkono wake mbele ya uso, akavikunja vidole, akavikunjua. Vitano, vyote vizima.

Mikidadi aliwageukia watu. Wameona. Hatimaye wameona, watu mia na zaidi, mchana kweupe.

"Mmeona?" alisema Yunusi. "Mmeona mkono wa kushoto ulivyotaka kuua mtu?"

Na watu, Mungu awasamehe, wakaitikia. Mikidadi hakuamini masikio yake. Waliitikia mstari mzima, wakitikisa vichwa, wakisema nuhusi, nuhusi, mkosi mtupu.

"Amepona!" alipiga kelele Mikidadi. "Mtazameni, amepona! Ingekuwa kulia angekuwa amevunjika!"

"Ingekuwa kulia isingepiga teke," mtu alijibu kutoka nyuma.

"Mosi alishika kwa mkono gani?"

"Mosi hakunawa siku ile."

Mikidadi alijipiga paja. Utafanya nini na watu wa namna hii? Unawaletea ukweli ukiwa hai, unapumua, una vidole vitano, nao wanauzika kabla hujageuka. Machozi ya hasira yalimlenga akayafuta na bega. Yunusi alikuwa amekwisha kuifungua kaniki. Bwana Saa alikuwa akipiga kelele kwamba dakika ni tisa sasa, mkono wa kulia, mkono wa kulia, upesi.

Mihambo alisimama. Kicheko kilikuwa kimemtoka. "Nusura uniue, mtani," alisema kwa sauti ndogo, bila ubaya. Akatemea mate kiganja cha kulia, akainama, akaishika hendeli. Mikidadi aliona kidole gumba kikizunguka chuma na kufunga.

Hakumbuki alivyofika. Kopo la mafuta lilianguka likamwagika. Alikivuta kimkono cha shaba nyuma mpaka mwisho, akampiga Mihambo kikumbo kwa bega, akashika hendeli kwa kushoto, akavuta mara moja kwenda juu. Mashine ikashika moto, ikaanza kunguruma taratibu, bila kukohoa, kama haijawahi kumdhuru mtu. Alikisukuma kimkono mbele, nayo ikakolea.

Bwana Saa aliitazama mashine, akaitazama saa yake, kisha akamwonyesha Mikidadi kwa kidole.

Viboko vilikuwa ishirini na vitano, na Yunusi alihesabu kama alivyoahidi, bila kuruka hata kimoja. Mikidadi alilala kifudifudi juu ya pipa akiuma kitambaa. Kilichomkereketa si kiboko. Alikuwa akifikiri kwamba kesho kimkono kitakuwa mbele tena, na Mihambo atashika tena kwa kulia.

Jioni, jua likiwa bado juu ya milima, alikuwa amelala kwa tumbo uani, Chausiku akimkanda kwa maji ya chumvi. Mihambo aliingia na jogoo kwapani. Aliketi chini. Hakumtukana mtu, na Mikidadi akaingiwa na wasiwasi kwamba labda anaumwa.

"Ulijua utachapwa?" aliuliza Mihambo.

"Nilijua."

"Mtu hachapwi kwa utani." Akamshika jogoo miguu. "Mchana kutwa nimekitazama kidole changu gumba. Ulipokuwa unakataza kule shambani sikukusikia. Nilisikia Mluguru. Sasa niambie tena, tangu mwanzo. Sicheki."

Mikidadi alimwambia tangu mwanzo. Walitumia mpini wa jembe, Chausiku ameushika upande mmoja akiwa ndiye mashine. Mihambo alivuta, na kila Chausiku aliporudisha mpini kwa ghafla, vidole vilifunguka. Kidole gumba kilitoroka mara mbili, Mikidadi akakipiga kwa kijiti kutoka alipolala. Mara ya tatu hakikutoroka tena.

"Basi nipe mkono wangu," alisema Mihambo mwishoni, akimsogeza jogoo.

"Jogoo huyu hafiki kilo ya mifupa. Rudi naye. Mkono wako utabaki kwangu mpaka siku ya gari la moshi."

"Siku zote kumi na mbili?"

"Matanga ya Waluguru ni marefu."

Jumanne asubuhi Bwana Saa alikuja bandani mapema. Alikuwa amehesabu, na hesabu yake ilimwambia kwamba jana mashine iliwaka kwa mvuto mmoja, jambo ambalo halijatokea tangu Bwana Fundi aondoke. Akaamuru kwamba kuanzia leo mtia mafuta arudishe kimkono kila asubuhi. Habari ya mkono gani ushike hendeli haikumhusu, hata mguu ungefaa, mradi dakika zisipotee. Yunusi aliitangaza amri hiyo kama aliyoiota mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa: Jumatatu Mikidadi alichapwa kwa kukigusa kimkono, na Jumanne, mgongo bado unavuja, angechapwa kama asingekigusa. Hakuna aliyemwomba radhi. Alikirudisha nyuma, akasogea, Mihambo akavuta kwa kushoto. Yunusi aliipa mashine kisogo asione.

Katika siku kumi na mbili ilipiga teke mara moja, asubuhi ya baridi, na mkono wa Mihambo ukatoka salama. Unadhani watu walisema nini? Walisema Mnyamwezi ana dawa. Wawili walimfuata kibandani kwake wakamwomba awachanje. Mihambo aliwaonyesha kidole gumba, akawaeleza yote manne, nao wakaondoka wamekasirika kwamba ameificha dawa yake. Mikidadi aliposikia alicheka kicheko kibaya, kisha akaenda kukaa peke yake kando ya mto.

Siku ya safari walimsindikiza mpaka stesheni ya Mikese. Walikuja wengi, maana Mihambo alipendwa. Hata mama mkwe wa Mikidadi alishuka na mkungu wa ndizi, na Yunusi akaja na kanzu yake. Gari la moshi lilikuwa limesimama likitoa moshi. Mihambo alipita akiwaaga mmoja mmoja kwa mkono wa kulia, mzima, mpana, wenye sugu za jembe la shamba la mtu mwingine. Alimpa Yunusi, akampa mama mkwe, akawapa manamba wenzake.

Mikidadi alikuwa wa mwisho. Aliuona mkono ule ukimjia akaanza kama kawaida yake, ameinamisha kichwa, wake wa kulia umefichwa kwenye mikunjo ya shuka. "Uniwie radhi, mtani, mimi wa kushoto ndio..."

Mihambo aliuhamishia mzigo wake kwenye mkono wa kulia. Akanyosha wa kushoto.

Watu waliona. Yunusi aligeuza uso, na mama mkwe akashika mdomo. Mikidadi alisubiri utani uje, kwa sababu ulikuwa lazima uje, lakini Mihambo hakuwa anacheka. Basi akautoa wa kwake, na viganja vikakutana sawasawa, kama vya watu wanaosalimiana, jambo ambalo halikuwa limempata tangu siku ile ya kuvunjika. Kidole gumba cha Mihambo hakikulala na wenzake. Kilizunguka nyuma ya mkono wa Mikidadi, kikakumbatia, kikafunga kwa nguvu, namna ile ile aliyomkataza siku zote kumi na mbili.

"Hapa je," aliuliza Mihambo, "kinaruhusiwa?"

Mikidadi alitaka kumjibu tusi zuri, alikuwa nalo tayari. Aliitikia kwa kichwa tu, wala hakuuachia mkono ule mpaka filimbi ilipolia mara ya pili.